Paa Aliyekula Harusi Yangu

Vijana wa kituo cha msitu wameniletea daftari na kalamu mbili. Wakaniambia, "Mzee Kombo, umeshastaafu, tuandikie mambo ya kazi kabla hayajakutoka." Kalamu mbili! Mie nimesoma mpaka darasa la nne, na la nne lenyewe sikulimaliza. Nililiacha katikati kwa ugomvi na mwalimu wa hesabu, ugomvi ambao ningeusimulia hapa lakini hauhusiani na msitu, ulihusu kuku. Basi nitaandika kama ninavyosema. Herufi ikikosekana, msomaji atie yake.

Vyeo siviandiki. Nilipewa kimoja tu maisha yangu yote, na kofia yake haikunienea. Nitaandika habari ya kusaka paa, na hasa paa wa mwisho wa msimu, yule anayetembea usiku tu, kwa sababu huyo ndiye aliyenifundisha kazi, na ndiye aliyekaribia kunikosesha mke. Omari, mwenzangu tuliyekuwa tukishika naye wavu mmoja, huisimulia habari hiyo barazani kila siku kwenye kahawa, na kila siku anaitia chumvi. Mie nimenyamaza miaka yote. Sasa nina daftari.

Siku ya kwanza nilifika kituoni Makangale nimevaa viatu vyangu vya sikukuu ya Idi. Nilidhani kazi ya Serikali huendewa na viatu. Mzee Faki, aliyekuwa mkubwa wa vibarua wa msitu na mkubwa wa wasasi pia, alinitazama miguu muda mrefu, kisha akaniuliza:

"Weye mwana wa nani?"

"Wa Shaame, mchumaji karafuu."

"Shaame kakuleta ufanye kazi au uposwe?"

Nikavua viatu. Jioni nilikikuta kimoja. Cha pili kilikuwa kinatafunwa na mbwa aitwaye Sitaki. Mwenzake Sitaki aliitwa Yawahusu. Mzee Faki alipenda majina ya namna hiyo kwa sababu yalikuwa na faida. Akiita msituni, "Yawahusu! Yawahusu!", watu waliokuwa wakikata miti kwa kuiba walitoka mbio wakidhani wanasemwa wao. Tulikamata magogo mengi kwa jina lile, na mbwa mwenyewe kalala.

Kazi yangu ya kwanza ikawa kulisha mbwa. Kijana wa Kipemba, mtoto wa Kiislamu, nimelelewa nikimpisha mbwa njia, leo ndiye mpishi wao. Mama yangu alinitengea sahani, kikombe na mkeka wangu peke yangu. Nikirudi nyumbani hanivushi kizingiti mpaka nijioshe mara saba, moja kwa udongo, naye anahesabu kwa sauti ya juu ili majirani wajue nyumba yake ni safi. Siku moja jirani alimvuruga hesabu kwa kumuuliza bei ya mchele, tukaanza upya.

Lakini kwa kukaa na mbwa nikazijua sauti zao. Sitaki akibweka juu juu, haraka haraka, basi keshamuona mnyama. Yawahusu akibweka chini, kwa kuvuta, basi kanusa tu, bado anajadiliana na nafsi yake. Mzee Faki alinitaka nimuigizie kila sauti, ili ajue kama nimeelewa. Mwisho wa mwaka nilikuwa nabweka vizuri kuliko ninavyosoma.

Sasa vifaa. Msasi wa kwetu hakuwa na bunduki. Tulitega nyavu za kamba ya usumba wa nazi, zinafungwa kwenye miti kwa kulegezwa ili mnyama akizipiga zimwangukie. Upande huu watu wamejificha kimya, upande ule watu na mbwa wanakuja kwa kelele. Paa akinasa lazima afikiwe yu hai, achinjwe kwa Bismillahi, la sivyo mmefanya mazoezi ya mbio tu. Kwa hiyo mbeba kisu ni mtu mkubwa. Msimu wangu wa kwanza Mzee Faki alinipa kisu chake nikibebe, nikavimba kichwa.

Njiani nikaona fenesi. Limeiva, limeanguka lenyewe, linanukia njia nzima. Nikalipasua kwa kile kisu, nikala, nikakirudisha kisu alani mwake. Nyinyi mnajua urimbo wa fenesi ulivyo. Paa wa kwanza aliponasa, Mzee Faki kamlalia, anapiga kelele, "Kisu!" Mie navuta. Kisu na ala vimekuwa kitu kimoja. Omari akashika ala, mie nikashika mpini, yeye anavuta kule, mie navuta huku, kama watoto wa skuli kwenye mchezo wa kamba. Yule paa akatutazama, akaona hapa hapana watu wa maana, akajipenyeza chini ya goti la Mzee Faki akenda zake.

Mzee Faki hakunipiga. Aliuliza fenesi liko wapi, akanikalisha mbele yake, akanisimamia mpaka nikalimaliza lote. Mpaka leo sili fenesi. Vijana, tembeeni na kichupa cha mafuta ya nazi. Hilo ni la kwanza ninalotaka mlishike katika daftari hili.

La pili ni hili. Paa wetu huku ni mdogo, mgongo wake haufiki goti la mtu mzima, na miguu yake ni kama vijiti vya mishikaki. Mwanzo wa msimu anatembea mchana kweupe, anaokota matunda chini ya miti, unamkuta katika mapito yake yale yale. Lakini akishakimbizwa na mbwa wiki tatu, nne, anapata akili ambayo sisi wengine tumeikosa. Mchana haonekani. Anakula usiku, na kabla ya alfajiri kesharudi kulala. Ukimfuata kwa makelele mchana, unafukuza majani.

Watu husema basi mfuate usiku na tochi. Tochi ilikatazwa, na kabla haijakatazwa na wakubwa ilikatazwa na Mzee Faki. Alisema, "Usiku unaona macho mawili yanang'aa. Macho hayakwambii kama ni dume au jike, wala kama lina mimba. Mtu asiyejua anachokichinja akachinje kuku." Kwa hiyo msasi wa mwisho wa msimu hamsaki paa, anasaka kitanda chake. Utafute mavi yake, madogo kama punje za pilipili manga. Ukiyakuta yamekauka, keshahama. Ukiyakuta yanang'aa, sema kwa kunong'ona.

Nyinyi sasa mna kamera za kufunga mtini, zinapiga picha zenyewe usiku kucha. Nawaonea wivu na nawahurumia. Mwaka wangu wa mwisho kazini tuliifunga moja penye pito la paa, tukaenda kuitazama baada ya siku tano. Picha zilitoka hivi: komba, komba, mbuzi wa sheha, komba, mkia wa paa, na bwana mmoja wa mtaani petu aliyekuwa kaaga nyumbani anakwenda kuvua, naye hana ndoana wala ndoo, na pale bahari haipo. Nikaifuta. Kamera haina adabu, lazima mwenye kuishika awe nayo.

Nimeruka msimu wangu wa tatu kwa makusudi, nilitaka upite kimya. Lakini ndio huo anaousimulia Omari, basi nauandika.

Mwaka ule nilikuwa nimeposa. Binti anaitwa Time, na mama yake ni Bi Riziki, mjane, mwalimu wa chuo cha Kurani. Watoto wa mtaa mzima walisoma barazani kwake tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na sauti zao zilifika mpaka msituni. Bi Riziki alikuwa mwanamke mfupi ambaye watu warefu walimuinamia bila ya kuambiwa. Posa aliikubali kwa sharti moja. Nyuma ya nyumba yake alikuwa na shamba la kunde, matuta yanateremka mpaka karibu na msitu. Akasema, "Harusi baada ya kunde. Kunde hizi ndizo mchele, ndizo ubani, ndizo kanga za mashangazi. Nikivuna, muoane."

Kunde zikastawi. Mie nikipita pale nikizitazama kama mtu anayeitazama nyumba yake inajengwa. Halafu, msimu wa kusaka ukielekea ukingoni, paa akaziingia.

Bi Riziki akaniita. Nikaenda, nikapiga hodi, nikakaa kwenye ncha ya mkeka, macho chini kama inavyompasa mtu mbele ya mkwe.

"Kombo, kazi yako wapi?"

"Msituni, mama."

"Na paa wa wapi?"

"Wa msituni, mama."

"Basi huyo mwenzako wa kazini anakula harusi yako. Jana kamaliza matuta mawili. Zikiisha, harusi mwakani, na mwakani ni mbali. Pana bwana wa Wete ana duka la vyombo, keshatuma mtu kuuliza."

Nyuma ya pazia nikamsikia Time akikohoa, na sikujua kama kikohozi kile kilikuwa changu au cha bwana wa vyombo.

Kibali chetu cha kusaka kilikuwa na siku tano zilizobaki. Msimu ukifungwa, paa anakuwa mtu wa Serikali, humgusi hata akikukalia kitandani. Na kunde zilikuwa na wiki kadhaa mbele yake kabla ya kukauka. Kwa hesabu yangu, mie niliyeacha skuli kwa ajili ya hesabu, paa alikuwa na nafasi ya kutosha kumaliza harusi yote na fungate yake.

Siku ya kwanza tulitega nyavu pale shamba linapokutana na msitu, tukafukuza kwa mbwa mpaka adhuhuri. Tukapata kanga mwitu mmoja na kiatu cha mtu. Siku ya pili tukaingia ndani zaidi, mbwa wakarudi wamechoka kuliko sisi. Usiku wake nikaamua nikae shambani mwenyewe, bila ya wavu, nione tu anatokea upande gani. Nikakaa juu ya tuta, nikajifunika gunia. Nikasinzia, nasema kweli. Nilipoamka kulikuwa kumekucha, na tuta nililokalia lilikuwa limeliwa mbele yangu na nyuma yangu. Zilizosalimika ni kunde nilizokuwa nimezikalia.

Bi Riziki akatoka na birika lake la udhu, akaangalia, akasema, "Ahsante, Kombo. Umeokoa pahala pa makalio." Akaingia ndani.

Siku ya tatu tukafika mbali, mpaka Omari akauliza kama tunamsaka paa au tunamfuata kumpa salamu. Hakuna kitu. Zikabaki siku mbili.

Sasa inakuja aibu ya kwanza, na hii Omari haijui vizuri. Kesho yake nilikwenda kwa Bi Riziki kumuambia ukweli, kwamba nimeshindwa. Asubuhi ile nilikuwa nimekula pweza wa jana kwa pupa. Nimekaa pale kwenye ncha ya mkeka, watoto wanasoma kwa sauti, Bi Riziki ananitazama, mara tumbo likageuka. Mnajua nyinyi mtu mwenye posa kuomba choo kwa mkwe ni kitu gani. Nilivumilia. Nilisoma kila dua ninayoijua. Mwisho nikasema, "Mama, naomba njia."

"Njia ya wapi?"

Nikaonyesha nyuma ya nyumba. Barazani watoto wote wakaacha kusoma, wakatega masikio.

"Nenda, mwanangu," akasema. Mara ya kwanza kuniita mwanangu, na ilikuwa kwa sababu hiyo.

Choo chake kilikuwa cha makuti, na nyuma yake kichaka cha michongoma, hatua ishirini kutoka barazani penye watoto. Natoka pale, nimepungua, nimetulia, natazama chini. Pilipili manga. Zinang'aa. Na kichochoro kidogo kinaingia kwenye michongoma, majani yake yamesuguliwa na mgongo wa kitu kifupi.

Nikasimama palepale nikafahamu. Siku zote tulikuwa tunamtafuta mwisho wa dunia, naye kalala kwa mkwe wangu. Kwa nini? Kwa sababu Makangale nzima palikuwa na pahala pamoja tu ambapo mbwa hakanyagi, nako ni kwa Bi Riziki. Hakutaka mbwa avuke hata kivuli cha nyumba, kwa ajili ya misahafu na watoto. Paa alikuwa kakimbizwa na mbwa msimu mzima, akatafuta, akapata. Makelele ya watoto hayakumshughulisha. Usiku anakula kunde, mchana analala anasomewa.

Nilikwenda mbio mpaka kwa Mzee Faki. Akasikiliza, akacheka mpaka kofia ikamwanguka. "Huyo paa Juzuu Amma keshaihifadhi," akasema. "Haya, kesho."

Siku ya mwisho ya kibali tulifika kwa Bi Riziki mapema, na nyavu, na watu, na Sitaki na Yawahusu kwenye kamba. Alitusimamia mlangoni.

"Nyavu sawa. Watu sawa. Hao rudisheni."

Mzee Faki akavua kofia. "Bi Riziki, paa yule hatoki kwa sauti ya mtu. Watu keshawazoea, kalala na chuo kizima hapa. Anatoka kwa mbwa tu."

"Mzee Faki, nakuheshimu. Lakini mbwa hakanyagi kwangu. Nikioshe kiwanja kizima mara saba? Niwaoshe na watoto?"

"Basi hatoki."

"Basi tafuteni mbwa asiye mbwa."

Mzee Faki akafikiri. Halafu akageuka polepole akanitazama mie. Na Omari akageuka. Na wasasi wote.

"Mzee Faki," nikasema, "hapana."

"Kombo," akasema, "harusi ya nani?"

Basi. Sitaki na Yawahusu wakafungwa mbali kule barabarani. Nyavu zikategwa upande wa shamba, nusu duara, Omari kwenye ncha moja na Mzee Faki katikati. Mie nikapewa upande wa choo. Michongoma ile ina miiba kama sindano za kushonea magunia, na kichochoro cha paa kiko chini, humuingilii paa kwa kusimama. Nikapiga magoti. Nikatia mikono chini. Nikatazama nyuma mara moja, jambo ambalo nalijutia mpaka leo, kwa sababu barazani chuo kizima kilikuwa kimefunga misahafu, na dirishani alikuwapo Time, kanga ipo mdomoni, macho tu nje.

Nikaanza na sauti ya Yawahusu, ya chini, ya kuvuta. Kimya. Nikasogea, mwiba ukaniingia begani, na sauti iliyonitoka haikuwa ya Yawahusu wala ya Sitaki, lakini kule barabarani mbwa wa kweli wakaijibu. Walishangaa, nadhani, wakataka kujua huyu ni nani. Basi nikabadilisha, nikapiga ya Sitaki, ya juu, ya haraka, ya keshamuona. Wale wakajibu. Nikapiga tena. Ikawa mie na mbwa tunazungumza, mie nimo michongomani kwa mkwe wangu, miguu nje, na juu ya sauti zote nikasikia ya kitoto kimoja barazani kikiuliza kwa adabu kabisa:

"Mwalimu, na huyu tutamuosha mara saba?"

Omari husema nilibweka saa nzima. Ni uongo. Haikufika robo saa. Anasema pia niling'ata mchongoma. Niliugusa kwa meno, basi.

Paa alitoka kama aliyerushwa. Alinipita usoni, nikaona tumbo lake jeupe, na hapo hapo nikasikia wavu ukianguka na Mzee Faki akisema, "Yupo! Yupo!" Nikajichomoa, shati limebaki ndani, nikakimbia na kisu mkononi. Safari hii kilikuwa kimepakwa mafuta, kikatoka alani kabla sijakivuta.

Mzee Faki kamshika vizuri, kampakata kama mtoto. Mkono mmoja anampapasa chini ya tumbo. Akapapasa tena.

"Ana mimba," akasema.

Kanuni tuliijua sote. Mwenye mimba anaachiwa, kibali kimeandikwa hivyo, na hata kisingeandikwa Mzee Faki alikuwa hivyo. Omari akasogea, akasema kwa sauti ndogo, "Mzee, siku ya mwisho leo. Nani atajua?"

"Mie nimeshajua," akasema Mzee Faki. Kisha akanitazama. "Lakini harusi si yangu. Kisu unacho weye, Kombo. Mie nitageuza uso, nitazame kunde."

Na kweli akaugeuza. Nikabaki na kisu na yule mnyama. Moyo wake ulikuwa unakwenda, unaona ngozi inapiga. Nikaziona kunde zilizobaki, nikaliona duka la vyombo la Wete lote, na vikombe vyake. Msidhani nilikuwa mtu wa huruma. Nilikuwa mtu aliyetoka kubweka mbele ya mkwe wake na mchumba wake na chuo cha Kurani, na nilijiona nimeshafika chini ya kutosha kwa siku moja. Kuchinja mwenye mimba juu ya hayo sikuweza. Nikarudisha kisu.

"Leteni tenga," nikasema.

Tulimtia katika tenga, tukalifunika kwa gunia, tukalibeba mie na Omari mpaka ndani kabisa ya msitu wetu wa Ngezi, mwendo wa kutwa. Tulimfungulia, akasimama, akajitikisa, akatuacha. Wala hakukimbia. Magharibi ile msimu ukafungwa.

Bi Riziki nilimpa habari mwenyewe. Sikukaa mkekani, nilisimama nje, nina matope, na mikwaruzo ya miiba mpaka masikioni. Nikamuambia alikuwa na mimba, nikamuambia nimemuachia mie, si Mzee Faki. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya, nenda kaoshe hivyo vidonda," akafunga mlango. Nikaenda nyumbani nikihesabu miezi.

Siku ya nne yake asubuhi nikaitwa tena. Nikajua bwana wa vyombo keshajibiwa. Nikafika, Bi Riziki yuko shambani, kashika fimbo, ananionyesha. Kunde zilikuwa zimeliwa. Tuta la mwisho, lile la karibu na choo, upande mmoja. Na kwenye udongo kwato mbili ndogo ndogo ninazozijua.

"Karudi," akasema.

"Karudi, mama."

"Safari ya kutwa, na mimba, karudi kwangu."

"Mama, msimu umefungwa, siwezi tena kumgusa. Mpaka mvua zishe..."

"Nani kakwambia umguse? Harusi Ijumaa."

Nilidhani sikusikia. "Ijumaa gani, mama?"

"Hii inayokuja. Unaijua nyingine?"

"Si ulisema baada ya mavuno?"

"Mavuno gani, Kombo? Nikingoja mavuno, huyo atakuwa keshazaa, watakula wawili. Na weye mtu aliyebweka nyumbani kwangu mchana kweupe nikuache mwaka mzima unatembea bila ya mke, watu waseme nini? Muoane, tule kunde wenyewe, mbichi hivyo hivyo. Kanga za mashangazi watajinunulia."

Nikaoa Ijumaa ile. Wageni walipewa wali kwa kunde mbichi za nazi, na samaki. Mashangazi walinuna mpaka walipoonja. Time, aliponitazama mara ya kwanza tukiwa peke yetu, alishindwa kujizuia, akacheka mpaka akatokwa na machozi, na mimi nikaona hii ni ndoa nitaiweza.

Kunde zilivunwa zote siku ile, matuta yote, isipokuwa moja. Wanawake waliokuja kusaidia kuchuma walipofika kwenye lile la karibu na choo, Bi Riziki aliwazuia kwa fimbo yake, akasema hilo liacheni. Mmoja akauliza kwa nini. Mkwe wangu alisema kunde zile hazikuiva, na mie niliyekuwa nimesimama pale, mtu wa msitu, niliyeziona sawa na zile zilizochumwa, niliitikia kwamba ni kweli.